Diski Nyekundu za Onosawa

Tsuruoka, 2 Desemba 2007

Kaka Tetsuro,

Salamu nyingi. Theluji imeanguka mara mbili na mara zote imeyeyuka kabla ya adhuhuri, kwa hiyo makoleo bado yako stoo. Mimi ni mzima. Goti linalalamika nikipanda ngazi, lakini hilo si la leo wala jana.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu kwenye simu huwa unanijibu kama msemaji wa kampuni. Ukishika kalamu, angalau unalazimika kufikiri.

Unaikumbuka shule ya Onosawa, kule bondeni juu, ambako Baba alikwenda kufunga spika mwaka ule wa mafuriko? Ilifungwa mwezi Machi. Wanafunzi walibaki kumi na wawili, wakubwa wa elimu wakasema basi. Mwalimu Igarashi, aliyekuwa mkuu wa shule hiyo mpaka alipostaafu, aliingia na kamera tangu siku ya kwanza ya mwaka wa mwisho, akapiga kila kitu: watoto wakipiga deki korido, mbio za magunia, chakula cha mchana, masomo. Wala si picha zile za ukungu. Ni kamera mpya, picha kali, unaona mpaka mvuke wa supu. Kisha akanunua kwangu mashine ya kurekodi diski za aina ya Nyekundu, hiyo ya kampuni yenu, akautia mwaka mzima kwenye diski sita.

Sasa kila nyumba Onosawa inataka nakala, na kila anayetaka nakala anataka na mashine ya kuichezea. Nyumba kumi na tisa, Kaka. Duka hili halijaona kitu kama hicho tangu enzi za Baba.

Ila juzi Sugawara, yule wakala wa jumla, alipita kunywa chai. Akaniambia, "Dada Mitsue, ningekuwa wewe ningewauzia Buluu, diski za wapinzani wao. Huko mjini Nyekundu inapumulia mashine."

Nikamwambia, "Kaka yangu ndiye aliyetengeneza jicho la kusomea diski la hiyo Nyekundu. Ikiwa inakufa, ataniambia yeye. Wewe kunywa chai yako."

Basi nakuuliza. Niwauzie, au nisiwauzie? Hawa si watu wa kubadilisha mashine kila mwaka kama ninyi wa Kawasaki. Bibi Toku mpaka leo anatumia feni aliyouziwa na Baba. Neno moja linanitosha.

Mdogo wako,
Mitsue


Kawasaki, 9 Desemba 2007

Mitsue,

Barua yako nimeipata pamoja na figili za kuchachusha. Zilifika salama, ofisi nzima ilijua zimefika.

Umeniuliza swali la dukani, nami nitakujibu kama fundi. Mwanga unaosoma diski yetu na mwanga unaosoma diski ya Buluu ni uleule mmoja. Tofauti ni kina. Sisi tumeizika picha katikati ya unene wa diski. Wao wameiweka juu juu, karibu na ngozi. Kati ya kina chetu na chao ni nusu milimita. Kwa ajili ya nusu milimita hiyo makampuni ya nchi hii yamegawanyika makundi mawili, yakakaa mezani kupatana, yakashindwa, na tangu hapo kila upande unawanunia wenzake kama wake wenza. Diski yetu inaweza kuchapwa kwenye viwanda vilevile vya zamani. Haikwaruziki ovyo. Ni kazi ya watu wenye akili, Mitsue. Nimeifanya miaka kumi na miwili na sioni haya kusema hivyo.

Mashine aliyonunua Mwalimu Igarashi nimeijaribu mwenyewe kwenye baridi kali kuliko ya Onosawa. Haina kasoro. Maneno ya Sugawara ni porojo za mawakala, leo wanasifu hiki, kesho kile.

Wauzie tu kwa amani.

Vaa joto, na goti lile lipeleke hospitali.

Tetsuro


Tsuruoka, 27 Desemba 2007

Kaka,

Zote kumi na tisa zimefungwa. Nimepanda bonde lile mara nane na gari dogo, mara mbili nikasukumwa na wenyeji. Sina mgongo tena, lakini furaha ninayo.

Jumapili Mwalimu Igarashi aliwaita watu wote ukumbini, akatandika shuka jeupe ukutani, na mimi nikaunganisha mashine. Ulipaswa kuwepo. Watu waliingia na machungwa na mitungi ya pombe ya sake wakipiga kelele kama harusini. Ilipoanza picha, waliweka mitungi chini. Unajua mume wa Bibi Toku alikuwa mhudumu wa shule, yule mzee Kanji? Alifariki mwezi wa sita. Mle kwenye diski anatembea koridoni kwenda kupiga kengele, na picha ni safi kiasi kwamba glavu yake ikaonekana na kiraka chake cha uzi wa kijani.

Bibi Toku akasema kwa sauti, mbele ya watu wote, "Kile kiraka nilimshonea mimi. Akanilaumu rangi si yenyewe."

Watu wakacheka, naye akacheka, halafu akaomba turudishe nyuma. Tulirudisha mara nne.

Wakati wa kuondoka kila mtu aliniambia nikupelekee shukrani. Nazipeleka hapa. Niliona fahari, Kaka. Nilijisemea, Baba angekuwepo angejua watoto wake wamefanya kitu kimoja, huyu kule, huyu huku.

Heri ya mwaka mpya.
Mitsue


Tsuruoka, 20 Februari 2008

Tetsuro,

Jana jioni nilikuwa kwa Bibi Toku nikirekebisha antena iliyopindwa na theluji. Televisheni ilikuwa inawaka. Taarifa ya habari ikaanza, wakaonekana wanaume watatu wenye suti nyeusi, wamesimama nyuma ya meza yenye vipaza sauti, wakainama kuomba radhi mpaka vichwa vikakaribia kugonga meza.

Bibi Toku akaniuliza, "Mitsue, hao si ndio wenye mashine yangu?"

"Ndio hao, Bibi."

"Wanamwinamia nani? Mimi niko huku."

Nilibaki nimeshika bisibisi, nasikiliza habari ya kazi ya kaka yangu kutoka kwa msomaji wa taarifa. Wanaacha. Hawatengenezi tena mashine, wala diski tupu. Yule msomaji alisema kwa tabasamu kwamba vita imekwisha na sasa mteja atanunua bila wasiwasi. Mteja yupi huyo? Wateja wangu wamenunua mwezi wa kumi na mbili. Gundi ya vibandiko vya bei haijakauka.

Nimepiga simu yako mara sita. Haipokelewi.

Nina swali moja, kama lile la mwanzo. Ulijua?

Mitsue


Kawasaki, 24 Februari 2008

Mitsue,

Samahani kwa simu. Hapa hapakaliki. Watu wanafungasha maabara nzima kwenye maboksi.

Kama una hasira, jua si peke yako. Miaka kumi na miwili ya watu mia tatu imezikwa kwenye kikao kilichokwisha kabla ya chakula cha mchana. Unajua kilichotuua? Si ubora. Ni wenye sinema wa Marekani. Mwezi Januari studio moja kubwa ilitoka kwetu ikaenda Buluu, na asubuhi yake maduka makubwa yakafuata kama kondoo. Hakuna aliyefungua mashine zote mbili akazitazama ndani. Walihesabu ni nani ana sinema nyingi, basi. Na hao Buluu wanaoshangilia, wangoje. Miaka haipiti mingi watu watavuta picha kwenye waya bila kugusa diski ya mtu yeyote, na wao watainama mbele ya vipaza sauti vilevile. Wameshinda urithi wa nyumba inayobomoka.

Kuhusu wateja wako: Kampuni inaahidi vipuri kwa miaka minane. Nimeambatanisha karatasi ya kuomba radhi, unaweza kuibandika dukani.

Unaniuliza kama nilijua. Uamuzi ulitangazwa kwetu siku ileile mliyoona kwenye televisheni.

Tetsuro


Tsuruoka, 4 Machi 2008

Kwa Mhandisi Kuwabara Tetsuro,

Karatasi yako ya radhi nimewashia jiko.

Nimekwenda nyumba kumi na tisa. Kila nyumba nimepiga magoti mlangoni nikasema, "Nimewauzia kitu kilichokwisha, nipeni mashine niirudishe dukani." Unajua wangapi walinipa? Wanne. Wengine walikataa. Bibi Toku aliniambia, "Ukiichukua, mzee wangu nitamtazamia kwenye nini? Kwenye sufuria?"

Mzee Togashi, muuza mbolea, hakunikaribisha hata ndani. Alisema kutoka dirishani, "Baba yako angekuja na mtungi wa sake na kichwa kimenyolewa kwa kuomba radhi. Wewe umekuja na risiti." Sikuwa na risiti. Nilikuwa na mikono mitupu. Nilikwenda zangu.

Mbaya zaidi alikuwa Mwalimu Igarashi, kwa sababu hakukasirika. Alinipa chai, akanishukuru kwa kupanda bonde na theluji ile.

Kote huko nilikuwa na neno moja la kujitetea. Nilisema, "Kaka yangu hakujua. Wakubwa walimficha hata yeye." Nilikuwa nalisema kwa kifua mbele, maana uliniandikia hivyo kwa mkono wako.

Jumamosi akaja Sugawara. Nilikuwa nimemtuma anitafutie macho ya akiba, nikasema nitaweka hata matano, yasaidie Onosawa siku za mbele. Akarudi na nakala ya waraka aliopewa na wauza vipuri. Waraka unawaambia wasitishe kutengeneza macho ya mashine za Nyekundu, hakuna oda mpya. Ni wa tarehe ishirini Novemba. Chini kabisa kuna muhuri mwekundu wa jina la mhusika. Muhuri ule naujua, Tetsuro. Herufi ya kwanza ina pengo kwenye kona kwa sababu uliuangusha jikoni ukiwa na miaka ishirini, na Mama akakwambia uchongeshe mwingine, ukakataa.

Ishirini Novemba. Mimi nilikuandikia tarehe mbili Desemba. Ukanijibu tarehe tisa. *Wauzie tu kwa amani.*

Sugawara alingoja nimalize kusoma. Alikunja ile karatasi, akaiacha mezani, akasema, "Pole, Dada Mitsue," akaenda. Ningependa angenicheka.

Wewe uliniandikia juu ya nusu milimita. Mimi sikuuliza habari za kina cha diski. Niliuliza niwauzie au nisiwauzie. Ungeweza kunyamaza. Ungeweza kuandika "subiri" tu, hata mtoto wa chekechea anaweza kuliandika, na mimi ningeelewa bila kuuliza sababu. Wewe ukaandika "wauzie."

Mwezi wa nane, siku za kuzuru wafu, usije kwenye makaburi ya wazazi. Nitayafagia mwenyewe.

Mitsue


Onosawa, 15 Machi 2008

Mheshimiwa Mhandisi Kuwabara,

Hatujawahi kuonana, nami naomba radhi kukuandikia bila kutambulishwa na mtu. Mimi ni Igarashi, nilifundisha shule ya Onosawa miaka ishirini na sita. Dada yako ametueleza sote kwamba wewe hukujua lolote mpaka siku ya tangazo, kwamba umedhulumiwa pamoja nasi. Jana tu alilirudia hilo mbele ya Mzee Togashi, ambaye ni mgumu kuamini, na alilisema kwa uthabiti hata Togashi akaacha kubisha. Kwa hiyo nakuandikia kama mtu wa upande wetu.

Nimezoea kuwafundisha watoto kwamba hasira ni lazima ielekezwe mahali sahihi, ama sivyo inaishia kumpiga paka. Yangu nimekosa pa kuielekeza. Nikipiga simu Kampuni, binti mwenye sauti nzuri ananiambia vipuri vipo kwa miaka minane. Nikamwuliza, "Binti yangu, baada ya miaka minane?" Akaniambia anapokea maoni yangu kwa unyenyekevu.

Miaka minane. Watoto wetu wa darasa la kwanza, walioimba siku ya kufunga shule, watakuwa na miaka kumi na sita. Huo ndio umri ambao mtu hataki kabisa kujitazama alivyokuwa na miaka saba. Hamu itawajia wakiwa na thelathini, au siku watakapopata watoto wao. Siku hiyo watafungua sanduku na kukuta kisahani kinachong'aa kisichosema kitu.

Ingekuwa ni sinema za dukani nisingekusumbua. Sinema wataziuza tena kwa umbo jingine, ndiyo biashara yao, na wanaotaka watanunua mara ya pili. Lakini hii ni shule moja, mwaka mmoja. Haitapigwa tena. Na kamera yangu inahifadhi ndani yake mwenyewe, ilipojaa nilikuwa nahamishia kwenye diski na kufuta. Nilifuta, Mhandisi. Niliambiwa diski ndiyo mahali salama, nikaamini, maana jambo lililotengenezwa kwa ustadi namna ile, nani angedhani wenyewe watalitupa baada ya miaka miwili?

Swali langu ni hili. Diski yenyewe ina umri gani? Mashine ina umri gani? Na mzee wa miaka sabini na moja afanye nini, kwa mikono yake, ili watoto wale waweze kuona? Naomba unijibu wazi, kama unavyomjibu mwanafunzi. Nikishindwa kuelewa nitauliza tena.

Dada yako amekonda. Nalisema hili kwa kuwa yeye hatalisema.

Kwa heshima,
Igarashi Yasuji


Kawasaki, 20 Machi 2008

Mwalimu Igarashi, shikamoo.

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, halafu nikakaa, nikaisoma tena.

Kabla sijajibu maswali yako, nakuomba uondoe lile neno la kwamba mimi ni wa upande wenu. Nilijua. Tarehe ishirini Novemba nilipiga muhuri kwenye waraka wa kusimamisha vipuri. Siku kumi na mbili baadaye dada yangu aliniuliza kwa barua kama awauzie watu wa Onosawa, nami nikamwambia awauzie. Alipowaambia mwanzoni kwamba sikujua, alikuwa anasema nilichomwandikia. Tangu tarehe moja Machi ameujua ukweli. Aliyoyasema mbele ya Mzee Togashi juzi aliyasema ili kunifunika, na wakati huohuo mimi amenikataza hata kufika kwenye makaburi ya wazazi wetu. Tafadhali isomeni barua hii mbele ya watu. Asibebe na hili.

Ukiniuliza kwa nini, ningeweza kusema niliapa kutotoa siri za Kampuni. Ni kweli niliapa. Lakini dada yangu ana haki anaposema ningeweza kunyamaza. Mwalimu, ukweli wenyewe ni mdogo na wa aibu. Kitu nilichokitengeneza kilikuwa kinakufa, na nikasikia kuna nyumba kumi na tisa mlimani zinataka kukiwasha. Nikataka ziwashe. Nilifurahi, ndivyo ilivyokuwa. Sikuwafikiria ninyi hata kidogo.

Sasa maswali yako. Diski mliyorekodi nyumbani, ikiwekwa gizani pakavu, inaweza kukaa miaka kumi, pengine ishirini, na hakuna mtu mkweli atakayekuahidi zaidi. Mashine itaanza kuchoka jicho kabla ya hapo. Zile za Buluu nazo ni hivyohivyo, msidanganywe na ushindi wao. Hakuna diski ya kukaa milele. Nimeitumikia kazi hii maisha yangu yote na hili tulikuwa tunalijua, ila kwenye matangazo hatukuliandika. Kinachodumu ni mtu anayekubali kunakili upya kila baada ya miaka michache, kutoka kwenye kinachokufa kwenda kwenye kinachoishi, na kumfundisha mwingine afanye hivyo atakapokufa yeye. Picha ambayo haina mtu wa namna hiyo imekwisha potea, hata kama diski bado inang'aa.

Ufanye nini: usiziguse zile sita za asili. Zitie kwenye kasha, kasha kwenye mfuko mkavu. Zinisubiri.

Kuwabara Tetsuro


Tsuruoka, 31 Machi 2008

Kaka,

Nimerudia kukuita Kaka kwa sababu nina hasira sana, na mtu baki siwezi kumkasirikia hivi.

Nani alikutuma? Jana niliitwa ukumbini Onosawa, nikadhani ni habari ya mashine. Nimekaa, nimepewa chai, Mwalimu Igarashi akasimama akavaa miwani na kuanza kusoma mwandiko wako. Alisoma yote, kwa sauti ileile ya darasani. Alipofika pale "tangu tarehe moja Machi ameujua ukweli", vichwa vyote vikanigeukia. Umenifanya mwongo mbele ya wateja wa Baba. Uongo ule ulikuwa wangu. Nilijua kwa nini nausema na ningeufia. Wewe umepata nafasi ya kujitakasa, ukapita juu yangu kama daraja.

Sikupenda, na leo pia sipendi.

Lakini nitakwambia yaliyotokea, kwa kuwa unastahili kuyajua yote, si yale ya kukupendeza tu.

Mzee Togashi alikuwa wa kwanza. Alisema, "Kwa hiyo mhandisi alitudanganya, na dada mtu akatudanganya juu ya uongo wa kaka."

Nikasema, "Ndiyo, Mzee."

"Mara ngapi?"

"Kila mlango. Milango kumi na tisa, na hata nilipokwisha kujua sikurudi kuwaambia."

Bibi Toku akamgeukia. "Togashi, wewe mwaka wa njaa ile ya mpunga ulisema ndugu yako hakuuza mbegu za kijiji. Tulijua aliuza. Nani alikuuliza?"

Togashi akanywa chai yake. Watu wakatazama mikeka.

Halafu wakaanza kukusema wewe, na hapo sikukutetea. Mama mmoja ambaye mwanawe ni mmoja wa walioimba siku ya kufunga alisema, "Alitaka ziwashe. Ametutumia kama vijiti vya kiberiti." Sijawahi kusikia mtu akikueleza vizuri hivyo. Mwingine akauliza kwa nini wajibu wa kuhifadhi shule yao uwe juu ya mtu aliyewadanganya. Mwalimu Igarashi akajibu, "Kwa sababu ndiye anayejua, na kwa sababu amesema kila kitu pamoja na kile ambacho hakimsaidii. Mimi wanafunzi wa namna hiyo nilikuwa nawapa kazi, siwafukuzi."

Wakabishana mpaka chai ikapoa. Mwishowe walikubaliana diski zitolewe nakala, lakini hazitatoka Onosawa. Hakuna kupeleka Kawasaki wala kupeleka popote. Anayetaka kunakili atapanda bonde, atakaa kule, na watamtazama akifanya.

Umesema "zinisubiri." Zinakusubiri. Mimi sikusubiri.

Mitsue


Kawasaki, 12 Aprili 2008

Mitsue,

Una haki kuhusu lile la daraja. Niliandika barua ile nikidhani nakutua mzigo. Sikukuuliza, kama ambavyo sikukuuliza mwezi wa Desemba. Inaelekea ndiyo tabia yangu.

Nimeacha kazi. Si kwa ushujaa, usije ukamwambia mtu hivyo. Walinipa nafasi kwenye idara ya majokofu, mshahara uleule. Niliomba kabla ya kuondoka macho mia mbili ya akiba yaliyokuwa yanakwenda kusagwa, niyatawanye kwenye maduka madogo kama lako. Bosi wangu alisema utaratibu hauruhusu. Nikamwuliza utaratibu uliruhusuje kuuza mashine zile Desemba nzima huku waraka wa Novemba uko mezani kwake. Alisema, "Kuwabara, muhuri ni wako." Ni kweli ni wangu. Niliutumia mara ya mwisho kwenye barua ya kuacha kazi.

Macho yakasagwa. Nilisimama kwenye geti nikasikia mtambo ukiyala. Halikuwa jambo la dakika nyingi. Nilikasirika sana, halafu nikafikiri, Mitsue alisimama kwenye milango kumi na tisa na hasira hii, na hakuwa na geti la kujificha nyuma yake.

Nina vifaa vyangu mwenyewe vya kunakili, na mashine mbili za Nyekundu nilizozinunua dukani kama mteja yeyote. Naomba kupanda Onosawa mwezi Mei, barabara ikishafunguka. Kazi ile itachukua wiki tatu au nne. Baada ya hapo nimefikiri jambo jingine, nalo naliuliza, siliamui. Goti lako haliwezi ngazi tena. Duka linahitaji mtu wa kupanda mapaa. Na shule ile itahitaji kunakiliwa tena baada ya miaka mitano, na tena baada ya hiyo. Je, naweza kufanya kazi dukani kwako?

Ukisema hapana nitakuja kunakili tu, nirudi.

Tetsuro


Tsuruoka, 17 Aprili 2008

Kaka,

Njoo. Chumba cha juu nimekitoa maboksi. Ngazi utapanda wewe.

Ila sikiliza masharti. Hutavaa beji ya mhandisi, wala hutamweleza mteja habari za nusu milimita. Mtu akiuliza kitu kitaishi miaka mingapi, utamjibu idadi, na kama hujui utasema hujui. Na mtoto mmoja wa Onosawa utamfundisha kunakili, Mwalimu Igarashi ataamua yupi.

La mwisho ni hili. Tutakwenda pamoja nyumba zote kumi na tisa, na kila mlango nitakaogonga nitaanza mimi. Nitasema, "Huyu ni kaka yangu. Alijua na hakusema. Amekuja kufanya kazi." Nitalisema hivyohivyo kwa Bibi Toku na kwa Togashi, na kwa yeyote atakayeingia dukani akuone umesimama nyuma ya kaunta. Wewe utainama, na hutaongeza neno.

Siku wateja wenyewe watakaponiambia, "Mitsue, basi, tumeshasikia," ndiyo siku nitakayonyamaza. Mimi sitakuwa wa kwanza kuchoka.

Leta makoti mawili.

Mitsue